Kabula Wawili wa Lalago

Pamba ina harufu, ingawa wengi wanaoivaa hawaijui. Ni harufu ya vumbi lililopigwa jua, yenye mafuta kidogo kwa sababu ya mbegu, na ikifungiwa chumbani humwasha mtu pua hadi apige chafya. Mwaka ule, nikiwa bado shule ya msingi, nililala juu ya lundo la pamba ambayo bibi yangu wa Lalago alikuwa hajaiuza, na kila asubuhi niliamka na nyuzi nyeupe kichwani. Mama na mimi tulikuwa tumetoka Nakuru. Tulivuka mpaka pale Sirari, tukashuka Lamadi, tukapanda basi jingine lililopita Bariadi, ambayo siku hizo haikuwa bado makao ya mkoa, kisha Maswa, mpaka meno yetu yakawa yanasaga vumbi. Kwangu ilikuwa safari ya nchi ya kigeni. Kwa mama ilikuwa kurudi nyumbani baada ya miaka mingi ya kuolewa mbali, na alikuja kwa kazi moja: kumtokea binti wa kaka yake siku ya mahafali.

Binti huyo aliitwa Kabula, naye alikuwa anamaliza kidato cha nne. Mama yake alikuwa amefariki. Baba yake alikuwa amehamisha ng'ombe kwenda mbali kutafuta malisho, kwa maana kiangazi kile hakikuacha hata jani. Bibi alitueleza kwamba mtoto alikuwa akilia bwenini kwa hofu ya kupita peke yake. Nilipouliza kupita wapi, alishangaa kwamba sijui. Mhitimu anapoitwa jina, alisema, ndugu zake hutoka kwenye viti wakicheza, wakamvisha shada la karatasi za kumetameta, wakamfunga kanga na kumrudisha kwa vigelegele. Asiye na mtu huchukua cheti chake na kwenda kukaa, na uwanja mzima humwangalia. "Sengi yupo," mama alijibu, maana shangazi kwa Kisukuma ni sengi. Alikuwa amebeba shada, doti ya kanga mpya na saa ya mkononi.

Siku yenyewe uwanja wa shule ulijaa. Chini ya maturubai walikaa wazazi waliokuja kwa baiskeli na kwa miguu, wanawake wamevaa vitenge vilivyonyooshwa, wazee wameshika fimbo za kuchungia kana kwamba mifugo inawangoja nje. Spika ziliunguruma kwa jenereta. Wahitimu walisoma risala yao kuhusu maji na upungufu wa madawati, mgeni rasmi akaahidi, watu wakapiga makofi ya adabu. Kisha majina yakaanza, na hapo ndipo sherehe ilipowaka. Familia moja ilitoka na ngoma. Babu mmoja alicheza hadi kofia ikamdondoka, na hakuirudia.

"Kabula Masanja!" mwalimu aliyeshika kipaza sauti akaita.

Mama aliruka. Hakuwa amemwona Kabula tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na mabinti wote walikuwa wamenyoa, wamevaa majoho ya namna moja. Alicheza uwanja mzima, mabega yakitikisika kwa namna ambayo sikuwahi kuiona Nakuru. Alimvisha msichana shada, akamfunga kanga, akamvalisha saa, akamkumbatia. Msichana alibaki ameduwaa, halafu akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Mama alikuwa njiani kurudi kwenye kiti chake, jasho likimtiririka, mwalimu alipoita tena.

"Kabula Masanja mwingine!"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu, alinyoosha shingo. "Huyo ndiye wetu," alisema. "Anatembea kama baba yake." Hata mimi niliona: paji la uso lilikuwa la mama kabisa. Kabula alisimama mbele ya meza na cheti chake, mdomo ukimtetemeka, na hakuna aliyemwendea. Mama alitazama mikono yake mitupu.

"Unangoja nini? Rudi!" bibi akapaza sauti.

Mama akarudi. Alicheza kwa nguvu kuliko mara ya kwanza, akafungua kitenge chake mwenyewe kiunoni, akabaki na gauni, akamzungushia Kabula.

"Sengi," Kabula akamwambia, sauti ikiwa bado na machozi, "huko Kenya hamna macho?"

Waliokuwa karibu walicheka hadi kushikana. Yule Kabula wa kwanza alikuja mbio, ameshavua shada na anahangaika na mkanda wa saa. Kabula wetu alimshika mkono. "Baki navyo. Na wewe hukuwa na mtu." Nilimvuta bibi nguo nikamuuliza, "Na saa?" Akanijibu, "Saa imeshavaliwa."

Asubuhi iliyofuata mwanamke mmoja alifika kwa bibi na kuku na kikapu cha michembe, viazi vile vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Alikuwa mama wa Kabula wa kwanza. Alikuwa amebaki nyumbani akimuuguza mumewe. "Mwangaluka, wifi," alimwamkia mama. Nilidhani amekosea. Hakukosea: aliyemtokea mwanawe kama sengi sasa alikuwa dada wa mumewe, kwa hiyo ni wifi yake. Mama alipokea kuku bila kubisha, na tangu siku hiyo alikuwa na wapwa wawili wa jina moja. Wote wawili walipoolewa, alisafiri.

Juzi binti yangu alimaliza chekechea hapa Nakuru. Viti vilipangwa vizuri, na tuliombwa tusisimame ili kila mzazi apige picha ya mtoto wake. Wangu alipoitwa nilipiga picha, nikafurahi. Aliyemfuata alipita kimya, hakuna aliyempiga picha. Alichukua cheti, akatutazama sote, akatafuta. Nilimpigia makofi kwa nguvu, nikiwa nimekaa.