Mashine Iliyomngoja Mgeni Rasmi

Mama Chupa hakai. Ukimwekea kiti atakitazama tu, kisha arudi dirishani. Wenzake kwenye maabara ya serikali ya kupima maji walimpa jina hilo kwa kuwa hakosi chupa ya maji ya watu mkononi, na siku hizo chupa zilijaa mpaka kwenye friji la chakula cha wafanyakazi.

Mashine mpya ilikuwepo, imefunikwa shuka na kufungwa utepe mwekundu, kama bibi harusi ambaye bwana amepotea njia. Serikali ilikuwa inajipanga upya iende na sayansi. Wizara mbili zikaunganishwa, na hapo pakazuka kizungumkuti: mgeni rasmi wa kuizindua atoke upande upi? Mashine ya zamani ilishaondolewa, eti chumba kipendeze kwenye picha.

Aliyemnyima Mama Chupa usingizi ni wifi yake, dada wa mumewe, aliyefungua kiwanda kidogo cha sharubati kwa maji ya kisima cha uani. Kibali chake cha muda kilikuwa kinaisha. Bila majibu ya maji, kiwanda kingefungwa.

"Wifi, maji yangu bado yako foleni?"

"Bado. Tunangoja mashine mpya."

"Basi hiyo serikali yenu inaifuata sayansi kwa miguu!"

Mama Chupa alicheka, lakini moyo ulimwaka. Akamwendea mkuu wa maabara.

"Mkuu, tuiwashe tu."

"Halafu mgeni azindue nini? Subira yavuta heri, mama."

"Na ngojangoja huumiza matumbo."

Siku mkuu alipokwenda kikaoni, Mama Chupa alifungua utepe taratibu bila kuukata, akaiwasha mashine, akaweka maji aliyoyachota kwa wifi asubuhi ileile. Alitaka kumwokoa wifi. Mchana kutwa alizunguka chumba.

Jioni majibu yakatoka: kisima kilikuwa kinaingiwa na maji ya choo. Akakumbuka tumbo la kuhara la mwanawe wa mwisho, ambalo waliyasingizia maembe mabichi, na gilasi ya sharubati anayopewa na shangazi yake kila akitoka shule. Akampigia wifi simu.

"Wifi, mwaga."

"Nimwage nini?"

"Yote. Maji ni machafu. Usimuuzie mtu tena."

"Mashine imekuja leo?"

"Hapana."

"Imekuja lini?"

Mama Chupa aliutazama utepe uliokuwa bado mkononi mwake.

"Kabla hujafungua kiwanda," alisema, akavuta kiti, akakaa.