Mama Mkwe Aliniletea Mke Mwenza kwa Sababu ya Sindano

Jamani, umewahi kumpokea mgeni nyumbani kwako, halafu ukaambiwa mgeni mwenyewe ni mke mwenzako?

Mimi yalinikuta.

Nilikuwa kwenye cherehani nakunja pindo la sare ya shule. Mama mkwe akaingia bila hodi, nyuma yake binti mmoja kabeba begi.

"Huyu atamzalia mwanangu," akasema. "Wewe umeshakuwa gunia tupu."

Gunia tupu! Na wanangu wawili wamekaa pale pale wanasikia.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Uzazi wangu wa pili nusura unizike. Nilivuja damu mpaka daktari akanionya nisithubutu kubeba mimba nyingine karibuni.

Nikaenda kliniki ya uzazi wa mpango. Nilianza na vidonge, vikanichefua. Nikahamia sindano, hedhi ikavurugika, kichwa kikawa kinagonga kama karakana.

Nesi akaniambia, "Njia ziko nyingi, na mwili wako si wa jirani yako. Njoo na mumeo tuchague inayokufaa."

Mume wangu ni dereva wa lori. Nikamweleza.

"Hayo mambo ya wanawake," akajibu, macho kwenye simu. "Endelea na hiyo hiyo."

"Inaniumiza!"

"Vumilia."

Siku hiyo tulilala mzungu wa nne, kichwa changu miguuni pake.

Wifi yangu naye akanichongea kwa mama yake kwamba nachoma sindano. Basi kila mama mkwe akija ni matusi. Mara nimemroga mwanawe, mara naua wajukuu zake.

Mume wangu yupo, anasikia, anaendelea kuchezea simu.

Sasa siku hiyo ya begi nikasimama. "Mama, ondoka na mtu wako."

"Niondoke? Hii nyumba ya mwanangu!"

Tukapandishiana. Binti wa watu akaanza kulia, kumbe aliambiwa mke alishaachika zamani.

Mume wangu akatoka chumbani, uso umemsawajika.

"Mama, mrudishe kwao."

"Simrudishi! Nataka wajukuu!"

"Hata ulete kumi, sizai tena. Nilishafunga uzazi."

Mama mkwe aliketi sakafuni, puu, viti vipo.

"Lini?" nikauliza.

"Ulipotoka hospitali na mtoto. Ile safari niliyokwambia lori limeharibika njiani... Niliogopa kukuzika. Halafu nikaona aibu, watu wangesema mimi si mwanaume."

Labda mnategemea nilimkumbatia.

Thubutu!

"Na sindano zangu zote? Naumwa hapa, unanitazama tu?"



Nilimburuta kliniki. Nesi akataka apimwe kwanza, maana mambo haya hayataki kubahatisha. Majibu yakaonyesha ni kweli, amefunga.

Sindano nikaacha. Mama mkwe aliondoka na yule binti, hajakanyaga kwangu tena, na sijamuulizia.

Ndugu zangu, njia ya uzazi wa mpango ikae mezani, mke aseme na mume aseme. Mwanaume kufunga uzazi si aibu hata kidogo. Aibu ni kumwacha mwenzako aumie, aitwe mchawi, ili wewe uonekane dume.

Kuna wanaoniuliza kama nimeshamsamehe mume wangu.

Bado analala sebuleni.