Binti Aliyechagua Biashara ya Hospitali

Enzi za Ujamaa nilikuwa karani wa ofisi ya wilaya Kilosa. Siku moja binti kutoka kijiji cha Lumuma aliniamkia, akanipa fomu ya chuo nimgongee muhuri. Alikuwa amechagua biashara, upande wa uendeshaji wa hospitali.

"Ndugu, sisi wajamaa, wewe unataka kuwafanyia wagonjwa biashara?" nilimuuliza kwa sauti. Foleni nzima ikacheka.

Yeye hakucheka. Aliinyoosha fomu mezani kwa viganja viwili. "Mzee, zahanati yetu ina mganga, na dawa zipo stoo hapa hapa Kilosa. Tangu masika zinasubiri barua yetu igongwe muhuri."

Nilinyanyua kikombe changu cha chai. Barua yao ilikuwa chini yake, imejaa maduara ya chai.

Niligonga mihuri miwili bila kumtazama usoni. Msomaji, ukimkuta karani mcheshi, mwombe kwanza anyanyue kikombe.