Shamba Lililovuliwa Nguo

Nakumbuka siku moja ya jua kali hapa Mwese, mwanangu, siku ambayo nyayo zangu hazijaisahau hadi leo. Nilikuwa binti wa kuchota maji na kubeba kuni. Baba alikuwa amechoma mabua na nyasi zote za shamba la maharage, likabaki jeusi, safi, majirani wakilisifu. Alipenda sifa baba yangu, Mungu amrehemu. Mvua ya kwanza ikanyesha, maharage yakaota, kisha mawingu yakaondoka moja kwa moja.

Miche ikaanza kulala chini. Baba akasema ni wadudu, akamwita jirani yetu Bibi Felista, mama wa maneno machache na makali. Bibi akang'oa mche mmoja, majani bado mabichi, lakini shina limenyauka pale linapogusa udongo, jembamba kama uzi.

"Wadudu wako wapi?" akauliza. Kisha akanigeukia. "We mtoto, vua ndala. Simama hapa."

Sikukawia, udongo uliniunguza nyayo, nikaruka nikilia. Akanishika mkono hadi shambani kwake, hapo hapo pembeni, ambako mabua yalikuwa yamelala juu ya udongo. Jua lilikuwa lile lile. Nikasimama mpaka machozi yakakauka.

"Jua halianzi na hewa," akamwambia baba. "Linashukia udongo kwanza, halafu udongo ndio unapasha hewa. Ukiwa mweusi tena uchi, unameza joto lote. Na usiku mawingu yakikosekana, joto linapanda juu linakwenda zake, asubuhi nyie mnatetemeka. Umelivua shamba nguo, sasa unauliza kwa nini linaugua?"

Baba akaenda kukata nyasi. Tulifunika kwa nyasi miche iliyobaki, lakini ilikuwa michache mno. Mwaka ule tulilishwa na Bibi Felista, na baba alikuwa akila ameinamisha kichwa.

Sasa wewe umeniambia kesho unachoma shamba lako, eti vijana wenzako wanakucheka kuwa ni chafu. Mvua za siku hizi zinakuja na kuondoka zinavyotaka, mkeo amejifungua juzi tu, na mimi nakiangalia hicho kiberiti kwenye mfuko wa shati lako kama mtu aliyeona nyoka ndani ya nyumba. Naogopa, mwanangu, sikufichi.

Acha mabua yalale, upande maharage katikati yake. Miti ya ukingoni usiiguse, kivuli chake ni mali. Udongo ukifunikwa, mchana hauungui na usiku haupoi upesi. Wanaokucheka waambie waje saa sita mchana, wavue viatu.

Mungu akupe mawingu kwa wakati wake, na huyo mtoto akue akila cha shambani kwenu. Haya, kiberiti hicho niwekee hapa mkononi. Cha kuwashia jiko kimeniishia.