Cheni ya Chura

Hakuna mlio unaoniudhi kama ule. Si mkubwa. Ni kama mtu kavunja kijiti kikavu nyuma yako, halafu injini inanguruma peke yake na chombo kimesimama. Hapo cheni imekatika. Huna haja ya kushuka kuangalia, lakini unashuka, maana utafanya nini tena.

Chombo chenyewe ni pikipiki ya magurudumu manne. Mwanangu aliinunua kwenye shamba moja la chai walipokuwa wanauza vitu vyao vikuukuu, akaileta hapa nyumbani Kawetele, akarudi zake Mbeya mjini kwenye kazi. Watoto wakaiita chura kwa jinsi ilivyochuchumaa. Mwanzoni sikupenda, niliona wananicheka mimi niliyeikalia, ila sasa hata mke wangu anauliza chura amelala wapi.

Goti langu la kushoto liliharibika zamani, niliteleza na mkungu wa ndizi begani. Mvua za huku zikianza zinasahau kuondoka, na udongo wetu ukilowa ni sabuni. Tangu hapo nilikuwa mtu wa kukaa kibarazani, najua kuku wa jirani wanataga wapi kuliko jirani mwenyewe. Chura alipokuja, kikundi chetu cha wafugaji kikanipa kazi ya maziwa. Asubuhi naanzia juu kwa majirani, nakusanya keni, namalizia kwangu, kisha nashuka nazo mjini Tukuyu kwenye tangi la baridi. Njiani nasalimiwa, naulizwa habari, naambiwa nani kafiwa na nani kaoa. Mzee mwenye goti bovu anayesubiriwa na watu kila asubuhi, hilo si jambo dogo. Kazi ile ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Basi cheni zikaanza kukatika.

Ya kwanza nilisema imezeeka. Ya pili nikasema ni ya bei rahisi. Nikampelekea fundi wangu wa Ibighi, kijana mzuri tu, aliyeanza na baiskeli kama mafundi wote wa hapa. Akaangalia, akatikisa kichwa kama daktari.

"Mzee wangu, hii cheni ni nyembamba. Weka nene."

Tukaweka nene. Ikakatika mlimani, maziwa yakiwa yamejaa. Akasema meno yamelika, yale ya mbele na ya nyuma, cheni mpya haiwezi kukaa kwenye meno ya kizee. Nikamwambia hata mimi meno yangu yamelika na bado nakula. Tukabadilisha. Ikakatika. Akavuta uzi kutoka mbele mpaka nyuma kuona kama magurudumu yamenyooka, na kweli yalikuwa yamepinda upande kidogo, akayanyoosha. Nikafurahi, nikasema leo tumemshika mchawi wake. Kesho yake ikakatika hapo hapo kwenye matuta ya barabara. Akasema ni matope, niioshe na kuipaka oili kila jioni. Nikaiosha na kuipaka. Mke wangu akasema sijawahi kumwosha hata ng'ombe namna ile.

Na kila mara alikuwa anamaliza hivi: anainua nyuma ya chura juu ya gogo, magurudumu yananing'inia, anakaza cheni mpaka kidole hakiisogezi, anajifuta mikono, anasema, "Hiyo haichezi." Na mimi nilikuwa naridhika, maana kwetu sifa ya fundi ni kukaza. Baiskeli yenye cheni inayoning'inia ni ya mlevi. Tumekua tukijua hivyo.

Mwenyekiti wa kikundi ni mama mmoja mpole, upole ule wa kukumaliza. Alikuja mpaka nyumbani, akakaa, akanywa chai yote kwanza.

"Baba, sisi tunakuheshimu," akasema. "Lakini maziwa hayana adabu, yakichelewa yanaganda. Ukikwama tena, tutampa yule kijana wa bodaboda."

Nikampokea kikombe. Usiku ule goti liliniuma bila kazi yoyote.

Sasa lazima nieleze habari ya mkwe, la sivyo mtu wa mbali hataelewa. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwanao hakutani na wewe. Haongei na wewe, hakuangalii usoni. Akisikia unakuja anakwepa, na wewe muungwana unakohoa kwa mbali ili apate nafasi ya kukwepa. Kanisani wamesema si dhambi kuacha, na wengi wameacha, wanakula meza moja na wakwe zao na kutaniana. Sisi wawili hatujaacha. Mama yake alimlea hivyo, na mimi sikutuma mtu kumwambia aache, kwa sababu heshima siku hizi ukiipata unaifungia kabatini.

Huyu mkwe, ambaye mwanangu alimwacha hapa nyumbani, ndiye anayekamua na kupakia keni zetu nyuma ya chura. Akimaliza anaingia migombani. Ndipo mimi nakohoa, natoka, nakaa, naondoka. Kwa hiyo kila siku ya Mungu yeye alikuwa ananiona kwa nyuma, na nyuma ndiko cheni iliko. Mimi niliyekaa nilikuwa naona masikio ya usukani tu.

Siku moja mke wangu aliniambia, "Mkweo anasema ukikaa, cheni inakazika mno."

Nikasema, "Mwambie cheni inakazwa na fundi, haikazwi na makalio."

Alimwambia, bila shaka. Wanawake wale hawapunguzi neno.

Sasa siku yenyewe. Mke wangu alikuwa ameenda Lupepo msibani. Nimetoka juu na keni za majirani, zimepakiwa na zetu, nimekohoa, nimekaa, chura akasogea mpaka mwisho wa migomba kwenye kile kimwinuko. Ikakatika. Nilikaa pale juu kwanza bila kushuka. Akilini niliona kabisa yule kijana wa bodaboda akipita na keni zangu, anapiga honi, anasalimiwa.

Nikashuka. Nikashusha keni moja moja, goti likilalamika. Nikainua nyuma juu ya gogo kama nilivyofundishwa, nikaunga cheni kwa loki ya akiba, kile kipingili cha kuungia, nikashika spana, nikaanza kukaza.

Sauti ikatoka migombani. Haikusema na mimi, ilisema na ng'ombe wetu aliyefungwa pale.

"Wewe ng'ombe, akikaza hivyo na akikaa, inakatika tena."

Nilikasirika. Nikamgeukia ng'ombe.

"Ng'ombe, mwambie huyo anayekunong'oneza, cheni ikilegea inachomoka."

"Ng'ombe, kwani ikikatika inabaki?"

Ng'ombe alikuwa anatafuna ganda la ndizi.

"Ng'ombe," ikasema tena, taratibu zaidi, "aishushe kwenye gogo. Arudishe keni. Halafu akae asikilize."

Nikafanya, kwa hasira tu, ili nimwonyeshe. Nilipokaa nikageuza uso kuangalia mlima Rungwe, nao ulikuwa umefunikwa wote, kwa hiyo nilikuwa naangalia wingu. Nikasikia majani yakisogea, miguu ikija nyuma yangu, khanga ikivutwa. Kitu kikaigonga cheni. Ikalia kwa sauti nyembamba, kama waya wa uzio uliovutwa na wanaume wawili.

"Ng'ombe, ashuke."

Nikashuka upande wa pili, macho kwenye wingu. Shokapu, zile springi za nyuma, zikainuka zikilalama. Akaigonga tena. Ikatoa sauti nzito ya uvivu.

Nikakaa, ikalia nyembamba. Nikashuka, ikawa nzito. Kumbe tulikuwa tunaikaza cheni chombo kikiwa kitupu, tena kinaning'inia hewani, halafu tunakipakia maziwa na mzee mwenye tumbo, kinachuchumaa, na cheni inavutika mpaka mwisho wa uwezo wake. Tuta moja tu lilitosha. Baiskeli haichuchumai ukiikalia. Fundi ana mikono ya baiskeli, na mimi nina akili ya baiskeli. Na yeye aliyekuwa anaona yote hakuwa na mdomo kwangu.

Nikarudi kukaa. Nikapeleka spana nyuma bila kugeuka, ikachukuliwa. Nikasikia nati zinalegea, cheni inagongwa, nati zinalegea tena kidogo, mpaka mlio ukawa wa kati. Spana ikawekwa juu ya mfuniko wa keni. Majani yakasogea. Nikakohoa, ingawa hapakuwa na haja, nikawasha.

Nilipofika Tukuyu yule dada wa tangi alikuwa ameshaanza kuosha ndoo. Alipima maziwa, akayanusa, akaniangalia, akayapima tena. Akayamimina tangini.

Kazi sijanyang'anywa, na cheni ile haijakatika mpaka leo. Ikihitaji kurekebishwa mimi nakaa juu naangalia mlima, yeye anafanya nyuma, wala hatujawahi kuonana. Ahsante nilimpa kupitia mke wangu. Alinirudishia jibu kwamba nipunguze ugali.

Lakini udhia haujaisha. Chura akiwa mtupu cheni inaning'inia kidogo, na watu wa huku hawavumilii kuona hivyo. Fundi wa Ibighi alininyooshea mkono wenye spana katikati ya barabara, anasema ninamwaibisha kwa wateja. Nikamweleza yote, akanisikiliza kwa adabu, akauliza, "Sasa nikukazie kidogo tu?" Na wengine kila ninapopita: mzee, cheni imelegea, mzee, itachomoka hiyo. Zamani ningesimama nibishane. Siku hizi nawaambia ndaga, ahsante ya kwetu, naongeza mafuta, maana keni zimejaa na tangi linafungwa.