Suruali ya Sanda Yenye Mafundo

Bunrye alianguka katika shamba lake la pilipili akiwa amebeba fito begani, na kilichomuudhi si kuanguka. Watu huanguka. Kilichomuudhi ni kwamba alilala pale chini akitazama mawingu mpaka jua likahama, akiuambia mguu uinuke na mguu umenuna, hadi Malsun, mjane mwenzake wa nyumba ya mbele, alipokuja kuuliza mbona redio inaimba peke yake tangu asubuhi.

Hakuvunjika popote. Daktari alisema mifupa imekonda, akalitamka neno lenyewe polepole kama anayemnywesha mtoto dawa chungu. Gyusik, mwanawe, muuza matairi mjini, alifika siku ileile, na tangu hapo akaanza kuzungumza na mama yake kwa sauti mpya, laini, ile ambayo watu huitumia wodini. Bunrye aliichukia sauti ile kuliko maumivu ya nyonga.

Alikuwa na miaka sabini na tisa na kifo hakikuwa kigeni kwake. Alikwisha kumzika mume, dada zake wawili na nusu ya wanawake alioolewa nao kijiji kimoja. Lakini katika misiba yote yeye alikuwa mtu wa jikoni, wa kukata figili na kugombana na wanaoweka chumvi nyingi kwenye supu. Pale shambani, akiwa na udongo mdomoni, ndipo ilipomwingia kwamba kuna msiba mmoja ambao hatakanyaga jikoni. Watapika watu wengine, na chumvi wataweka wanavyotaka.

Mwaka ule kalenda ya wazee ilikuwa na mwezi wa ziada, unaopachikwa kila baada ya miaka miwili mitatu ili hesabu ya mwezi na ya jua zipatane. Mwezi huo hauna mwenyewe. Mizimu haiangalii, kwa hiyo ndio mwezi wa kufanya yale ambayo katika miezi mingine yangeleta nuksi, kama kuhamisha kaburi au kumshonea mzazi aliye hai sanda, ambayo kwao ni vazi kamili la koti na suruali. Sanda ya mwezi wa ziada, watu husema, humwongezea mzee maisha, na mtoto mwenye adabu hauachi ukapita hivihivi.

Gyusik alikuwa na adabu, hilo hakuna atakayemnyima. Alikuja na mkewe Mihwa, tikiti kubwa, na habari mbili. Ya kwanza, wamshonee mama sanda. Ya pili aliitoa baada ya kula, macho kwenye bakuli la kimchi, ile kabichi chachu yenye pilipili: amempata mtu wa kulichukua shamba la pilipili, na mama ahamie kwao, ghorofa ya tisa, lifti ipo. Huyo mtu alitaka jibu kabla ya mwezi kwisha, kwa sababu mvua za majira ya joto zilikuwa njiani na pilipili zisizofungwa kwenye fito zingelala chini zote.

La shamba Bunrye hakulijibu. La sanda alilikubali, maana hata yeye alimshonea mama mkwe wake, na kitambaa alikuwa nacho. Alikifuma mwenyewe alipokuwa na miaka arobaini, kitambaa cha katani. Si ile ya kamba na magunia, ni ile nyembamba ya rangi ya majani makavu, ambayo watu wa bonde lile huvaa wakati wa joto na huzikwa nayo. Majira mamoja ya baridi alifuma ya mume na yake. Ya mume ilikwenda na mwenyewe. Yake ilikaa kwenye kasha pamoja na tumbaku ya kufukuza nondo, imetiwa alama ya wino mahali pa kukata suruali.

Malsun ndiye aliyempima. Akamsimamisha katikati ya chumba, akakishikiza kitambaa kiunoni, akakiachia. Alama ya wino ikatua sakafuni, na ikabaki nguo ya upana wa kiganja ikiburuta. Malsun akakohoa.

"Enzi zile ulipima vibaya, Mama Gyusik."

"Nilipima sawasawa," Bunrye akasema. "Nimepungua."

Mihwa akasema kwa upole kwamba sanda haiharibiki kwa kuwa ndefu, na kweli ndiyo desturi, lakini Bunrye alikuwa ameangalia kile kiganja kimoja cha nguo na hakuweza kuacha kukiangalia. Kimo chake kilikuwa kimeondoka bila kuaga. Aliona uchungu, kisha akaona hasira, na hasira ikamkalia vizuri zaidi.

Wakaketi kushona, wanawake watatu sakafuni na Gyusik mlangoni akikata tikiti. Uzi wa sanda haufungwi fundo, si mwanzoni wala mwishoni. Mkia wake huachwa ukining'inia, ili anayeondoka asikwame njiani na asiwakwamishe anaowaacha. Hilo mabinti wa pale hulijua kabla hawajajua kupika wali. Bunrye alipewa miguu ya suruali, kwa kuwa macho yake hayakuaminika tena kwenye kola.

Gyusik alikuwa akimsimulia mkewe habari za yule mtu wa shamba. Ni mchapakazi, ana trekta ndogo. Mama asisumbuke tena, akasema. Mama amekwisha fanya kazi yake. Aliyasema hayo kwa ile sauti ya wodini, mbele ya mama mwenyewe, kana kwamba anamsimulia mtu aliyetoka nje kidogo na huenda asirudi.

"Mama Gyusik," Malsun akanong'ona. "Umefunga fundo."

Bunrye akatazama. Kweli. Mkono uliokuwa umeshona nguo za kwendea shamba kwa miaka sitini ulikuwa umelamba uzi, ukauviringisha kidoleni, ukafanya ulichozoea.

"Lifumue kabla halijakaza," Malsun akasema, na Mihwa tayari alikuwa ananyoosha mkasi.

Fundo lilikuwa dogo, kama mbegu ya pilipili. Bunrye aliliangalia, na tuseme ukweli, aliogopa. Aliogopa ghorofa ya tisa na dirisha lisilofunguka. Aliogopa asubuhi ambayo mguu ungenuna moja kwa moja. Aliogopa kulala pale katikati ya msiba wake wakati wenzake wakigombana jikoni bila yeye. Akaulamba uzi tena, akafunga fundo la pili juu ya lile la kwanza, akalikaza kwa meno.

"Mama, hiyo ni sanda," Mihwa akasema.

"Ilikuwa sanda. Yenye fundo haizikwi, au huko mjini mmebadilisha?"

"Utatutafutia nuksi, bibi wewe," Malsun akasema, ila mabega yake yalikwisha kuanza kutikisika kwa kicheko.

"Mwezi hauna mwenyewe. Nani ataniona?"

Akauchukua mkasi mkononi mwa mkwewe, akakata suruali juu ya ile alama ya wino kwa kiganja kimoja, pale kimo chake kilipofikia sasa, akapindua pindo na kulishona kwa mafundo mpaka likawa na manundu kotekote. Gyusik alibaki ameshika kipande cha tikiti, maji yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

Asubuhi alimkuta shambani. Suruali ya katani ilimpwaya mama yake ikipitisha upepo, naye alikuwa amepiga magoti, kwa sababu kusimama kulikuwa bado kunamuuma, akifunga mche mmoja baada ya mwingine kwenye fito zake. Gyusik akaanza kwa ile sauti laini. Mama yake akamkatiza.

"Nitakufa, Gyusik. Nilijua nikiwa nimelala hapohapo uliposimama, kwa hiyo usinifiche kwa sauti ya hospitali. Kitambaa kingine kimo kashani. Mwezi wa ziada ukirudi nikiwepo, mtanishonea tena. Nisipokuwepo, mnizike na hii, na mafundo mtayafumua wenyewe, yote. Mpate cha kufanya."

Gyusik akauliza, kwa sauti yake ya zamani, ile ya mtoto aliyekuwa akigomea uji, "Na yule mtu nimwambie nini?"

"Mwambie mwenye shamba yuko shambani."

Upande wa milima mawingu yalikwisha kuwa meusi, na bado kulikuwa na mistari mingi ambayo haijaguswa. Bunrye akamrushia mwanawe kibunda cha kamba. Gyusik akakunja suruali yake nzuri ya mjini, akapiga magoti mstari wa pili, akafunga mche wake wa kwanza kwa woga, kamba imelegea, mkia unaning'inia.

Mama yake akanyoosha shingo kuangalia.

"Kaza," akasema. "Hiyo si sanda."