Barua Iliyosubiri Mtihani Uishe

Wiki iliyopita nilipanga foleni posta ya Moshi, nyuma ya mzee mmoja kutoka Mwika na mwanawe aliyemaliza kidato cha sita juzi tu. Kijana alishika kaseti ya video yenye mechi zake. Kocha wa chuo kimoja cha Marekani, aliyekuja kupanda mlima, alimwona akicheza. Aliporudi kwao akamwandikia: atume kaseti na maksi zake za shule, naye atamwombea nafasi ya kusoma bure na kuchezea timu ya chuo.

Karani aliiomba barua ili anakili anwani, akaisoma mpaka maandishi madogo ya chini.

"Kaka, hapa wanasema mwisho wa kutuma ulikuwa mwezi uliopita."

Kijana alimgeukia mzee. "Baba, hii barua uliyonipa jana ilifika lini?"

"Kabla ya Pasaka." Mzee alivua kofia. "Niliona picha ya mpira kwenye bahasha, nikaifungia sandukuni. Mtihani ulikuwa karibu, sikutaka uvurugike akili. Hicho Kiingereza sikijui, mwanangu."

Kijana aliiweka kaseti juu ya kaunta.

"Niitume, nisiitume?" karani akauliza taratibu.

"Itume tu, dada," alisema, kisha akamshika baba yake mkono, wakatoka.

Mwaka jana, kwenye safu hii hii, niliwasifu wazazi wanaowaficha watoto mpira wakati wa mitihani. Mzee yule alikuwa na gazeti letu kwapani. Alipita karibu yangu, nami nikashindwa hata kumpa shikamoo.